Moja Moja

Kwa Magesa sigara inauzwa moja moja,
na moto ni bure.
Huna mia mbili? Daftari lipo,
kalamu ipo, imefungwa kamba isitoroke,
na mimi nina ukurasa wangu, kona imekunjika:
Lugembe wa Majiko.
Miaka kumi na tisa nimevuta kwa mkopo
na hakuna siku Magesa aliniuliza dhamana.

Duka la dawa liko hatua sitini kutoka pale.
Nilizihesabu, kifua kikipiga filimbi,
mkononi cheti cha Bugando
(daktari aliuliza ngapi kwa siku,
nikamtajia nusu, akaandika mara mbili).
Dada wa kaunta akakisoma, akabonyeza kikokotoo,
akanigeuzia kioo chake taratibu
kama anayeleta habari ya msiba.
Laki na elfu arobaini.
Hiyo ni ya mwezi. Na miezi ni mitatu.

"Bima?"
Nikatoa kadi. Akangoja mtandao, akatikisa kichwa.
Kadi inaijua malaria. Inaujua mguu uliovunjika.
Hata kikohozi kitakachokuja kunimaliza inakijua,
siku hiyo italipa kitanda na shuka.
Kuacha tu ndiko isikokujua.
"Basi nikatie vya siku mbili."
"Kaka, boksi halikatwi."

Nikatoka, nikakaa juu ya jiwe,
maana Mwanza hukosi jiwe la kukalia,
ziwa linameta kule chini kama bati jipya,
nikawaza: sumu kwa mkopo, dawa taslimu.
Nikawasha.

Sitaki kusema uongo hapa. Niliwasha.

Nikampigia kaka yangu Sengerema.
"Si uache tu? Mdomo wako mwenyewe."
Mdomo ni wangu, kweli.
Mkono ndio si wangu.
Usiku hutembea peke yake chini ya mto
ukipapasa pakiti, kama mama anayetafuta mtoto gizani.

Jumapili kikoba cha mke wangu kilikaa uani kwetu Mabatini,
wamelizunguka sanduku la funguo tatu
nililolichomelea mimi mwenyewe.
Katiba yao ina msiba, ina uzazi,
ina ada, ina homa ya ghafla.
"Mume kuacha sigara ni dharura gani?"
Hiyo sauti ya Mama Bugumba naijua hata usingizini.
Nilikuwa nyuma ya pazia, napumua kidogo kidogo.
Nyanzobe akasimama.
"Shuka tatu ameziunguza. Hizo si kitu.
Ila Shija ana miaka minne,
na anakohoa kwa sauti ya baba yake."
Kimya.
Kisha nikasikia funguo zikilia,
moja,
moja,
na ya tatu ikachelewa. Ya Mama Bugumba.

Walitoa elfu sabini, na riba juu.
Nusu.
Nusu nyingine nililipa kwa nyundo:
mwenye duka la dawa ana mama Ukerewe
anayepikia jiko lililotoboka.
Nikamfulia majiko mawili, udongo ndani, miguu imara,
na beseni la nyongeza ambalo hakuliomba.
Akalitazama boksi, akanitazama vidole vyangu vya njano,
akalisukuma upande wangu.

Mwezi wa pili sijui.
Mwezi wa tatu usiniulize.

Vidonge naviweka ndani ya pakiti tupu ya sigara,
mfuko ule ule wa shati.
Mkono unakwenda wenyewe, kama ulivyozoea,
unafungua, unashtuka.
Siku ya kumi na moja leo.
Jana nilikosea njia kwa makusudi, nikapita kwa Magesa.
"Lugembe, ukurasa wako umelala.
Na deni, elfu kumi na moja na mia nne?"
Nikachomoa mia mbili, nikaiweka juu ya daftari.
"Nitalipa," nikamwambia. "Moja moja."